Siku Josaphat Alipokuwa Masika

Wakaaji wa Butembo na Beni, na ninyi wa Manguredjipa mliozama ndani ya mashimo ya dhahabu, tokeni, vueni kofia! Inatangazwa kwamba mwaka wa 2002, vita ikiwa haijachoka bado, wanafunzi mia moja na kumi na wanane walipotea ndani ya sanduku moja la chuma mjini Butembo, wakafufuliwa kabla ya saa nne ya asubuhi. Malaika hakuonekana. Alionekana Mama Orpa, sekretari wa shule, na kandambili zake.

Ordinateur, yaani kompyuta, Mama Orpa alifundishwa na mmisionari mmoja kwa majuma mawili, kisha vita ikamrudisha mmisionari kwao. Akabaki na mambo mawili kichwani. Ukiongeza kitu kwenye tableau, lile jedwali la majina, usihifadhi juu ya ile ya zamani. Ipe mpya jina lake. Tena usiweke zote mahali pamoja. Hili la pili hakuhitaji mwalimu: Butembo ya miaka ile, hata sufuria za mama mmoja zililala nyumba tatu.

Majina yenyewe aliyatoa kama mzazi yeyote wa Kinande atoavyo kwa wavulana wake, kwa kufuata uzao. Tableau ya kwanza Paluku, ya pili Kambale, ya tatu Kasereka, ya nne Kakule. Préfet Éphraïm, mkuu wa shule, alicheka mpaka tai ikalegea.

— Mama Orpa, unazalia mpaka ndani ya ordinateur?

— Kule hakuna bwana wa kunisumbua, Préfet.

Kakule ndiye aliyebeba orodha ya watakaofanya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Jumamosi moja, saa nne ya asubuhi, jeep ya parokia ilikuwa iishushe orodha Beni, na kutoka Beni ndege isingemngoja mtu. Bénite, binti wa Mama Orpa, alikuwa ndani ya orodha. Mwaka uliopita barabara ilifungwa na mapigano, mtihani ukampita.

— Mama, nikikosa tena, bajomba batanioza kwa yule mwenye kuuza misumari.

Basi asubuhi hiyo Mama Orpa akaacha mashine inawaka, akatoka kutafuta mafuta ya kuongeza kwenye groupe, maana bila injini ile hakuna umeme. Préfet akaingia bureau, ofisini kwake, akaona orodha haifuati alfabeti, roho ikamuuma. Akachagua colonne moja tu, safu ya yale majina ya uzao, akaipanga. Mashine ikamuuliza kama na colonne jirani zifuate. Akajibu hapana, mkubwa haulizwi maswali na kioo. Akahifadhi, akafunga, akajipongeza.

Mama Orpa aliporudi akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili kwa mnong'ono. Josaphat, kijana mwenye ndevu, alikuwa sasa Masika, binti wa kwanza wa baba yake. Virginie alikuwa Paluku. Na Bénite wake alikuwa Kambale, mtoto wa kiume wa pili! Préfet, kwa kidole kimoja, alikuwa amezalisha Butembo upya.

— Préfet, nani aliguza Kakule?

— Ni miye. Nilimupanga kwa alfabeti.

— Lakini karibu bote banaanza na K!

— Donc kazi ilikuwa nyepesi.

Kama asingefunga tableau, wangerudi nyuma hatua moja. Alikuwa amefunga. Kurekebisha kwa kichwa? Akina Kambale walikuwa ishirini na watatu. Yupi wa nani? Fiche za karatasi zenye majina ya wanafunzi, wanajeshi waliolala shuleni wakati wa Pasaka walizivutia tumbako. Préfet akakaa chini.

— Tumekufa, mama.

— Hapana. Kakule njo amekufa. Kaka yake iko.

Akafungua Biblia yake. Katikati ya Zaburi, ndani ya plastiki, alilala Kasereka kwenye disketi. Wanajeshi walishachukua redio, mbuzi, hata mlango. Biblia haikuwahi kumvutia hata mmoja.

Kasereka alikuwa mzima, majina mia na tisa, kila mtu na jina lake la uzao. Kabla ya kumgusa, Mama Orpa akamhifadhi kwa jina jipya, Katembo, mzaliwa wa tano. Walikosekana tisa tu, wale waliokimbia kutoka Luofu wakafika Alhamisi. Hao alikuwa amewaandika kwanza kwenye cahier, daftari lake, kwa kalamu ya bic. Akaanza kuwaingiza, akihifadhi kila jina, huku groupe ikikohoa kama mzee wa kifua. Préfet alipewa kazi moja: kushika bidon ya mafuta, mbali na clavier na vibonye vyake.

Jina la tisa, honi ya jeep ikalia. Katembo akanakiliwa mara mbili: disketi moja ndani ya soksi ya Maliro, dereva, nyingine ndani ya Zaburi. Kisha groupe ikazimika, kwa adabu.

Jumatatu, phonie, redio ya kuitia ya parokia, ilipoleta habari kwamba orodha iliwahi ndege Beni, Préfet aliwapanga wanafunzi uwanjani, safari hii kwa urefu.

— Batoto! Mbele yenu iko mama mwenye alishinda vita, giza, na… na makosa ya mutu fulani! Mama Orpa, upatie kizazi hiki neno moja la kuishi nalo!

Bénite akapiga makofi kuliko wote. Mama Orpa akapanguza mikono kwenye kitenge.

— Mbele ya kupanga, muchague macolonne yote. Muende mukasome.