Siku Tuliyompisha Chui

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na kila ninapoikumbuka hukaa wima, hata kama mgongo unaniuma.

Nilikuwa msichana wa Lyulilo, kijiji cha kando ya ziwa, sijaolewa bado. Mjomba wangu Asajile alikuwa na boti ya injini iliyochukua watu na vyungu kati ya Ikombe na kwetu, maana upande ule milima ya Livingstone inashuka mpaka majini na barabara hakuna. Kiangazi kile mjomba alivunjika mkono wa kulia, akanipa mimi usukani. Watu walisema, we! Wengine wakisikia kuwa msichana ndiye anayeendesha, walikaa chini wakasubiri boti nyingine. Mjomba alikaa mbele, mkono ameuning'iniza shingoni, akitazama ziwa kama vile hakusikia.

Basi walimu fulani wa Kyela mjini, watu waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, walipata habari kwamba kuna chui jike anaonekana miambani, ana watoto wawili. Wakaomba tuwapeleke wakamwone kutoka majini. Aliyewaongoza ni Mwalimu Hamisi, mtu wa Lushoto, mcheshi, kamera shingoni. Aliniona nimeshika usukani akasema, "Shikamoo, nahodha!" Nikacheka, lakini nakwambia kweli, neno lile lilinikaa moyoni kama asali.

Tuliondoka Lyulilo ziwa likiwa shwari. Juu mlimani palikuwa na moshi. Watu walichoma majani wapate malisho, na moto ukawaponyoka, kama unavyowaponyoka kila mwaka. Sisi hatukuujali. Tulifika kwenye ghuba ndogo iliyokingwa na mwamba, nikazima injini mita chache kutoka ufukweni.

Na kweli, alikuwepo. Amesimama juu ya jiwe, mkubwa kuliko nilivyodhani, madoa yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Watoto wake walikuwa miguuni pake. Mwalimu mmoja wa kike alinong'ona, "Subhanallah," na Wakristo tuliokuwemo tukaitika kimoyomoyo.

Lakini upepo ukageuka. Moto uliokuwa juu ukaanza kuteremka nyuma ya lile jiwe, tukausikia ukitafuna matete. Chui akamng'ata mtoto mmoja shingoni, kwa upole ule wa mama, akashuka hadi kwenye changarawe ufukweni. Akatutazama. Akanguruma, akarudi juu. Akashuka tena, akatutazama, akarudi.

Wenzangu walifurahi. "Sogea, sogea kidogo!" Mwalimu Hamisi aliniambia, jicho kwenye kamera. "Anakuja kwetu!"

Mimi nikatazama ufukwe. Nyuma yake moto, mbele yake maji. Njia ya kumtoa pale ilikuwa moja tu, kile kiukanda cha changarawe kinachokwenda hadi kwenye korongo lenye majani mabichi. Na sisi tulikuwa tumesimama mbele ya njia ile kama watu waliokaa mlangoni pa nyumba ya mwenzao.

Nikasema, "Tunaondoka. Tumemzibia njia."

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nje ya ule mwamba mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulikuwa umeshaanza kuvuma, na mawimbi yalionekana meupe. Mmoja akasema tutakufa maji. Mwingine akasema tumetoka mbali kumwona mnyama huyu, kwa nini tumwache? Hatimaye wote wakamgeukia mjomba. "Mzee, mwambie binti yako!"

Mjomba Asajile hakunyanyua hata sauti. "Nahodha wengi, chombo huenda mrama," akasema. "Usukani nimempa yeye. Muulizeni yeye."

Mwanangu, nimepewa zawadi nyingi maishani, lakini hakuna iliyofikia maneno yale.

Nikawaambia wachukue makafi, kwa sababu mlio wa injini ungemkimbiza mama yule na watoto wake ndani ya moto. Mwalimu Hamisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuishusha kamera na kushika kafi. Tukapiga taratibu, kinyumenyume, mpaka tukatoka nyuma ya mwamba. Mawimbi yakatupokea. Maji yakaingia, walimu wakachota kwa ndoo, mmoja akitapika huku anachota. Nikavuta kamba ya injini, ikakohoa na kunyamaza. Nikavuta tena. Ikawaka. Nikaielekeza boti kwenye wimbi, nikaishikilia pale pale.

Na kutoka kule kwenye mawimbi, tumelowa chapachapa, tulimwona. Alipita ufukweni mbio na mtoto wa kwanza mdomoni, akaingia korongoni. Kisha, mwanangu, akarudi kwenye moshi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tulingoja. Alipotokea na wa pili, manyoya ya mgongoni yakifuka moshi, boti nzima ilipiga kelele, watu wazima wale, wakakumbatiana kama timu yao imefunga bao.

Mjomba aligeuka akanitazama. "Ndaga fijo," akasema, ahsante sana kwa Kinyakyusa chetu, basi. Tulipofika Lyulilo walimu walisimulia sokoni kabla sijafunga kamba. Tangu siku ile watu wakawa wanauliza, "Boti ya yule binti inaondoka saa ngapi?" Niliendesha boti ile mpaka nikawa na wajukuu.

Sasa nikuusie. Ukiaminiwa kazi, ifanye kwa macho yako mwenyewe, usiifanye kwa makelele ya abiria. Ukienda kutazama uzuri wa mwingine, awe mnyama au mtu, angalia kwanza umesimama wapi, usije ukawa wewe ndiye uliyemzibia njia. Na utakapokuwa mkubwa, mwamini kijana mbele za watu, umwamini kwa sauti, siyo chumbani. Kujivuna ni kubaya, lakini kufurahia jema ulilolitenda si dhambi.

Mungu akupe mkono imara, mwanangu. Akuongoze majini na nchi kavu, na wazazi wako waishi wasikie jina lako likitajwa kwa heshima.