Magome Aliyoyachemsha Gerson

Gerson hakuwahi kuonja pombe. Hata ujanani kwao Usinge, wenzake walipokuwa wakijificha vichakani na gongo, yeye aliwapita akaenda zake kwenye mizinga ya nyuki. Ndiyo maana daktari alipotazama picha ya ultrasaundi ya ini lake na kumuuliza, "Mzee, unakunywa?" alihisi kama ametemewa mate usoni.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alijibu.

Daktari akamweleza kwa upole kwamba ini hujaa mafuta hata kwa mtu asiyeijua pombe: sukari ikipanda, kitambi kikikua, mwili ukikosa kazi. Gerson alijitambua. Tangu magoti yamkatalie kupanda miti yenye mizinga, alikuwa amehamia Cheyo mjini na mkewe Asnath, akawa anashinda dukani kwake kwenye kiti, soda mkononi. Aliambiwa apunguze uzito na atembee. Dawa ya kuyaondoa mafuta yale, daktari alisema, hapa hatuna.

Kanisani habari zilifika kabla yake. "Kumbe naye anakunywa kwa kujificha," mama mmoja alisema mlangoni, bila kujali kwamba anasikika.

Gerson alimkumbuka binti yake Julieth, mtafiti wa dawa za mimea Dar es Salaam. Yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka porini Usinge kumwonyesha mti ambao watu wa kwao huchemsha magome yake kutibu macho ya njano. Akampigia simu.

"Yale magome, mwanangu. Si ulisema yanapunguza mafuta kwenye ini?"

"Kwa panya, baba. Na wale tuliowazidishia kidogo, ini liliharibika. Usiyaguse. Kipimo cha binadamu bado hatukijui."

"Bibi yako aliyanywa akazeeka."

"Aliyanywa mara moja moja akiugua. Siyo kila siku."

Gerson akaaga vizuri, kisha akampigia Kasimiri, rafiki yake waliyerina naye asali miaka yote. Mzigo wa magome ukaja na basi.

"Julieth amekataza," Asnath alisema alipoona sufuria jikoni.

"Julieth ana mabosi wake. Mimi nina ini langu."

Akanywa asubuhi, akanywa jioni. Mwanzoni mwili ulimwia mwepesi. Alitembea hadi mtaa wa Chemchem na kurudi, akasalimia watu kwa sauti. Baadaye chakula kikamkinaisha. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Asubuhi moja Asnath alifungua pazia, akamtazama mumewe, akaketi chini. Macho yalikuwa ya njano.

Julieth alimkuta wodini. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niambie, ni magome au ni mafuta?"

"Hatujui. Ini lilikuwa na makovu tayari. Labda ni vyote."

"Basi niingize kwenye utafiti wako. Angalau niwe na faida."

Julieth aliinama. "Mtu mmoja hatoshi, baba. Tena hatujui ulikuwa unakunywa kiasi gani."

Gerson akageukia ukutani. Katika yote yaliyompata, hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine.

Alirudi nyumbani. Umanjano ulipungua, nguvu hazikurudi. Miguu ilivimba, tumbo likajaa maji. Waumini walikuja kumwombea. Yule mama wa mlangoni kanisani aliliona tumbo, akamsihi Mungu amsamehe mtumishi wake dhambi za siri. Gerson hakuwa na pumzi ya kubishana. Akaitikia amina.

Kasimiri naye alifunga safari. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nilidhani nakusaidia, ndugu yangu."

"Nilikuagiza mimi. Kaa."

Akakaa. Alijaribu kuzungumzia mvua, akashindwa kumaliza. Asnath alileta uji, na Kasimiri akamshika rafiki yake kichwa kwa nyuma, akamnywesha kijiko kwa kijiko, mpaka Gerson alipofumba mdomo, akaashiria kwamba inatosha.