Tui Lililochacha

Tangu ile korona imnyang'anye pua na ulimi, mpishi wa kanisa letu hapa kisiwani Savaii bado hunusa tui la nazi mara tatu kabla ya kulimimina kwenye majani ya magimbi. Kisha hututazama midomo tunapokula. Jumapili ile tui lilikuwa limechacha. Mchungaji, ambaye kwetu hula kwanza, alimeza yote, basi nasi tukameza.

“Chumvi imekolea?” mpishi akauliza, akijifuta mikono kwa upindo wa lavalava, shuka aliyojifunga kiunoni.

“Barabara, mama!” nikajibu mimi, mdomo umejaa.

Akacheka, akawapelekea nguruwe mabaki. Nguruwe wakanusa, wakageuka. Akainua sahani hadi puani, akavuta pumzi, akavuta tena.

“Kumbe wanaoniheshimu hapa ni nguruwe tu,” akasema, bila kututazama.