Adapta Inayongoja Kukatiwa Utepe

Juzi nilisimama kwenye dirisha la maabara ya hospitali moja huku Kitui, nikingoja majibu ya damu. Ndani, mashine kuukuu ya kupima ilinguruma kando ya kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

Mama aliyenitangulia alisoma majibu yake, akayarudisha dirishani kwa daktari wa maabara. "Daktari, hapa mmeandika mimi ni mwanamume."

"Pole, mwaitu, mama yangu. Tunanakili kwa mkono. Plagi ya mashine haiingii kwa kompyuta."

"Na hakuna kitu cha kuziunganisha?"

"Adapta ililetwa tangu mvua ya mwaka jana." Akaelekeza kidevu kwenye kabati lenye kufuli. "Lakini haijafunguliwa rasmi. Mkubwa wa hospitali anangoja mgeni wa heshima aje kukata utepe."

"Hiyo adapta ni kubwa aje?"

Daktari akainua kidole gumba.

Nasikia kamati imeshapanga hema, kwaya na mbuzi, ila mgeni anaahirisha tu. Majibu yangu nayo yalitoka: mimi, baba mzima mwenye ndevu, nina mimba. Siku zikitimia, naomba mgeni awe amefika. Akimaliza utepe, akate na kitovu.