Mama Anayekagua Sahani Zinazorudi

Saa saba na nusu mchana, wodi ya wanaume, hospitali ya wilaya kusini mwa Zambia. Wenzake wanakusanya sahani wakazioshe. Bina Choolwe anazikagua kwanza, moja moja, na kuandika daftarini: robo, nusu, yote.

"Baba, hii nsima umeila au umeipapasa tu?" anamtania mzee mmoja aliyebakiza ugali. Wodi nzima inacheka.

Mhudumu huyu wa miaka hamsini na minane amegawa chakula hapa kwa miaka kumi na tisa. Zamani sahani iliyorudi imejaa ilimwagwa, basi. Tangu mwaka jana kila mgonjwa hupimwa uzito na unene wa mkono siku ya kulazwa. Kati ya thelathini wa kwanza, kumi na mmoja walikuwa na utapiamlo.

"Tulikuwa tunatibu vidonda huku njaa inawamaliza," anasema.

Mwezi uliopita alilazwa Hamoonga, fundi baiskeli mwenye uvimbe tumboni. Aliingia na kilo hamsini na moja. Baada ya siku tisa zikabaki arobaini na saba. Daktari akasema hampasui mpaka afike hamsini. Uvimbe nao haukuwa unasubiri.

Bina Choolwe alisali, kisha akavuta kiti akakaa. Chakula kilipofika, Hamoonga aligeukia ukutani. Mwanamke aliyekuwa akimuuguza naye akatazama dirishani.

"Mama, huyu ni nani wako?"

"Mume wa binti yangu. Mwenyewe kajifungua juzi, ndiyo nikaja mimi."

"Nilitaka kujizaba kofi," anakumbuka Bina Choolwe. "Mimi Mtonga mzima, nisilione hilo! Mwanaume gani wa kwetu atatafuna mbele ya mama mkwe?"

Kuanzia siku hiyo mama mkwe alipika uji wa karanga jikoni nje, akauleta, akaishia mlangoni. Bina Choolwe akaupokea na kumlisha.

"Mwambie karanga ni chache," alinong'ona Hamoonga siku ya tatu.

"Mwambie ashukuru!" ilijibu sauti ya nje.

Ijumaa ya wiki ya tatu mizani ilisoma hamsini na nusu. Jumatatu alipasuliwa. Sasa anakaa kitandani na kuomba nyongeza.

Bina Choolwe anataka fomu ya kulazwa iongezwe swali moja: nani atakaa nawe ukila? Muuguzi mkuu ameahidi kulifikisha kikaoni.

"Nastaafu mwaka kesho kutwa," anasema. "Mungu akinijalia, nitaliacha swali hilo kwenye karatasi. Mtu asije akafa njaa kwa sababu ya adabu yake."