Chumba cha Saba

Mtandao wa nyumba yetu ya kupanga kule Temeke niliupanga mimi, na nilijisifu sana. Vyumba sita, laini moja ya intaneti, na kila jioni wapangaji wanalalamika picha zinaganda. Nikaandika programu fupi kwenye kile kiboksi cha Wi-Fi: msongamano ukizidi, kila chumba kipate zamu sawa, kama tunavyopanga ndoo bombani. Majirani wakaniita injinia. Hata mama mwenye nyumba, ambaye hamsifu mtu mpaka afe, aliniletea vitumbua.

Ambacho sikukisema ni kwamba kompyuta yangu niliipa njia yake peke yake, kama ile ya mabasi ya mwendokasi kule Kimara. Kwenye orodha nikaiandika "chumba cha saba" na kuiweka juu kabisa. Wengine wapange foleni, mimi nipite. Na wala nafsi haikunisuta. Si kazi nimefanya mimi?

Jumamosi moja asubuhi nimejilaza, nashusha mechi nzima, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa chumba cha tatu, nesi aliyesota miaka miwili bila ajira. Juu kavaa blauzi ya usaili, chini kanga.

"Kaka, nimeganda katikati ya swali! Wamenipa dakika tano nirudi hewani, la sivyo wanaita mwingine."

Nikafungua orodha kwenye kompyuta. Mama mwenye nyumba naye alishaingia nyuma yake, miwani puani. Programu haijui, ila foleni anaijua. Bombani kwake hakuna aliyewahi kuchomekea. Akapitisha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari.

"Mwanangu, nyumba yangu mie ina vyumba sita. Huyu wa saba aliye mbele ya wote ni nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaufuta ule mstari, na jirani akakimbilia chumbani kwake, kanga kaishikilia isidondoke. Kazi aliipata. Siku aliyonipa habari alinishukuru kwa kumtengenezea mtandao, na shukrani ile iliniuma kuliko tusi.

Mama hakumwambia mtu. Ila asubuhi iliyofuata, nilipokwenda kuchota maji, ndoo yangu niliikuta mwisho kabisa wa foleni, imebandikwa karatasi kwa mwandiko wake: Chumba cha saba.

Majirani wanacheka, hawajui kwa nini. Karatasi sijaibandua.