Sista Kulusum na Faili la Koplo

Wanafunzi wangu wa uuguzi hapa Kansanga huniuliza kwa nini somo la siri ya mgonjwa nalifundisha nimesimama, wakati mengine yote nafundisha nimekaa kitini. Huwa nawaambia ni mgongo. Uongo mtupu. Somo hilo nilifundishwa na Sista Kulusum nikiwa nimesimama mbele yake, mikono nyuma, na hata leo siwezi kulitaja nikiwa nimekaa.

Alikuwa mkuu wa zahanati ndogo katika kambi moja ya polisi upande wa Nakawa. Mnubi, mjukuu wa askari, mwanamke mnene mwenye chai ya tangawizi ya kuunguza koo. Kila asubuhi alitupanga mstari akatukagua kucha, na ukicheka unarudishwa nyumbani. Wagonjwa aliwasalimia kwa Kinubi, Kiacholi, Kiganda na Kiswahili, na kila mmoja alidhani ndiye anayependwa zaidi. Siku hizi wauguzi wanatazama simu kuliko wanavyomtazama mgonjwa. Vile vyumba viwili vilivyonuka jiki navikumbuka mno, na sioni aibu kusema hivyo.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu, Sajenti Obita, alitulea kwa amri: afande akisema, fanya kwanza, maswali baadaye. Zahanati nayo ilikuwa na desturi yake. Faili halikuandikwa jina la mke. Liliandikwa namba ya kazi ya mume, na ndani yake zikawekwa karatasi za nyumba nzima: malaria ya mtoto, jino la baba, mimba ya mama. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Nilipelekwa pale kwa mazoezi mwaka wangu wa pili wa masomo. Wiki ya tatu akaja mama mjamzito. Nitamwita Alanyo, ingawa si jina lake. Tulimpima damu, akakutwa na virusi vya Ukimwi. Sista alikaa naye saa nzima, mlango umefungwa. Mumewe, Koplo, alikuwa kazini Karamoja, angerudi Jumapili. Alanyo aliomba kitu kimoja tu: amwambie mume yeye mwenyewe, dada yake mkubwa akiwepo. Sista akakubali, akampa dawa za wiki mbili aanze siku hiyohiyo, ili kumkinga mtoto tumboni.

Koplo akarudi Ijumaa. Sista alikuwa chumba cha pili anafunga kidonda cha mtu. Nilikuwa kaunta peke yangu.

"Wewe si binti ya Sajenti Obita?"

"Ndiyo, afande."

"Leta faili yangu. Hii kifua inanisumbua."

Akataja namba. Nikalichomoa kabatini, nikampa kwa mikono miwili, tena nikijisifu moyoni jinsi nilivyolipata upesi. Akalifungua palepale. Karatasi ya juu ilikuwa ya mkewe. Niliona midomo yake ikisoma. Akalifunga taratibu, akaliweka kaunta, akaondoka bila kutibiwa kifua.

Jumamosi asubuhi godoro la Alanyo lilikuwa nje. Nyumba ya kambi ni ya askari, akisema toka, unatoka. Alihamia kwa dada yake, nyuma ya soko. Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaanza, na hakuja kuchukua dawa. Mimba ilikuwa ya miezi sita.

Sista akaniita.

"Nani alimpa Koplo faili?"

Nilitaka kusema alijichukulia mwenyewe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Mimi, Sista."

"Sasa sikia. Huyu mama ameacha dawa sababu anadhani ni mimi nilimuuza. Utaenda umwambie ni wewe."

"Sista, naomba nimwandikie barua."

"Barua ingine, isomwe na mtu mwingine? Enda na miguu yako."

Alinisindikiza mpaka kona ya soko, akabaki pale. Nilimkuta Alanyo mlangoni anachambua dodo, mchicha wa kwetu. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa, vidole vyake vikaendelea na majani.

"Wewe ulisoma kabla ya kumpa?"

"Hapana."

"Ungesoma."

Nililia. Yeye hakulia. Dada yake akatoka kunifukuza, Alanyo akamzuia kwa mkono.

"Nitarudi kwa Kulusum, sababu ya huyu," akasema, akashika tumbo. "Lakini wewe usikuwe kwa hiyo chumba."

Akarudi Jumatatu. Kila alipokuja, mimi nilishika fagio nikaenda uani. Mwezi huo Sista alimwaga mafaili yote mezani, tukaandika upya, kila mwanamke jina lake na namba yake. Mkubwa wa kambi alikuja kuuliza nani ametoa ruhusa. Sista alimpa chai, akamwonyesha kiti, akaendelea kuandika, na mzee wa watu akanywa akaenda zake.

Mtoto alizaliwa, wa kiume. Siku ya majibu ya damu yake nilikuwa uani na fagio langu. Alanyo alitoka amembeba mgongoni, akapita. Usoni mwake sikuambulia kitu. Nikaingia ndani mbio.

"Sista, mtoto yuko mzima?"

Alikuwa anafunga kabati.

"Wewe ndio unamtibu?"

"Hapana. Lakini ni mimi niliharibu, Sista. Hata chakula hakipiti."

"Najua." Akanishika bega, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunigusa. "Hiyo habari haiko yako, binti."

Niliona ukatili. Nilimchukia mwezi mzima, nikimpikia chai yake, naye akiinywa.

Miaka minne iliyopita Sista Kulusum aliugua, na wanawe wakaniomba nimuuguze nyumbani. Wiki tatu nilimgeuza kitandani na kumlisha uji. Alikuwa na akili zake timamu, na mara nyingi tulibaki wawili tu. Swali la yule mtoto lilinifika kooni kila siku, nikalimeza. Mwisho akaniambia nimekuwa nesi mzuri, nikajua ameona ninachokimeza. Tulimzika siku ya Alhamisi.

Kijana yule, kama yupo, mwaka huu anatimiza miaka kumi na miwili. Sijui.